Kliniki inakagua nyayo, kinywa hakiulizwi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu kisukari ilitaja macho, figo, miguu na moyo. Niliisoma hadi nukta ya mwisho nikitafuta neno fizi, sikuliona. Simlaumu mwandishi. Mimi nina kisukari mwaka wa tisa sasa, na kila nikienda kliniki huvua viatu nikaguliwe nyayo, humulikwa macho, hutoa mkojo upimwe. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia, "Hebu panua mdomo."

Fizi zangu zilikuwa zikitoka damu kila nilipopiga mswaki. Nikasingizia mswaki mgumu, nikanunua laini. Damu haikukoma, nikaanza kupakwepa pale panapotoka damu, kumbe ndipo ukoga ulipokuwa ukijikusanya na kugeuka ugaga mgumu. Hapakuuma hata siku moja. Laiti pangeuma, ningekwenda mapema.

Kilichonipeleka kwa daktari wa meno ni jino la mbele la chini lililoanza kucheza. Alichukua kichuma chembamba chenye alama za milimita, akawa anakipenyeza taratibu kati ya jino na ufizi huku akimsomea msaidizi wake: mbili, tatu, tatu, sita, saba, tatu, sita. Nilidhani anahesabu meno. Kumbe anapima kina. Hadi 3 hakuna shida. Kuanzia 4 kwenda juu, mara nyingi ufizi umeshaachana na jino, kifuko kimefanyika, na mfupa unaolishika jino unalika. Kwenye kifuko cha 7 mswaki haufiki, hata ukisugua mara kumi kwa siku.

Kuta za vifuko hivyo ni kidonda. Watafiti walishapiga hesabu: ukivikunjua vyote na kuvitandaza, mtu mwenye ugonjwa uliokomaa anaweza kuwa na eneo la sentimita za mraba 8 hadi 20. Kidonda cha ukubwa huo kingekuwa kwenye unyayo wangu, kliniki ile ile isingeniacha nirudi nyumbani hivi hivi. Kwa kuwa kimejificha nyuma ya midomo, nimetembea nacho miaka.

Na hakikai kimya. Mtu akitafuna, bakteria hupenya kwenye damu. Kemikali ambazo mwili unazimwaga kupigana nao pale kwenye ufizi nazo huzunguka na damu, na miongoni mwa kazi zake mbaya ni kuifanya insulini, homoni inayoshusha sukari, ishindwe kufanya kazi sawasawa. Upande wa pili, sukari ikikaa juu, kinga ya fizi hulegea na vidonda huchelewa kupona. Kila ugonjwa unamtilia mwenzake kuni. Mtaalamu wa fizi Harald Löe aliandika mwaka 1993 kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa tatizo la sita linaloletwa na kisukari, na hilo lilikuwa kabla watu hawajapima kwa makini kama kutibu fizi kunaisaidia sukari. Leo limepimwa. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 35, yenye watu zaidi ya 3,000. Waliosafishwa fizi kwa kina, kipimo chao cha wastani wa sukari (HbA1c, kinachosomwa kwa asilimia) kilishuka kwa takriban pointi 0.43 baada ya miezi mitatu au minne. Yaani mwenye asilimia 8.5 angetarajia karibu 8.1. Muujiza si huo, na vidonge huachi. Kipimo changu pia kilishuka kidogo baada ya kusafishwa fizi, ila wakati huo nilikuwa nimeanza kutembea kila jioni, kwa hiyo sitampa daktari wa meno sifa zote.

Nasema hivi kwa tahadhari kwa sababu wapo wanaotia chumvi. Ukiwasikiliza, ukipiga mswaki vizuri hutapata shambulio la moyo. Ni kweli kwamba tangu watafiti wa Ufini walipochapisha matokeo yao mwaka 1989, imeonekana mara nyingi kuwa wenye maradhi ya moyo wana vinywa vibovu zaidi. Lakini Chama cha Moyo cha Marekani kilipoupitia ushahidi mwaka 2012 kilisema uhusiano upo, ila haijathibitishwa kwamba fizi ndizo zinazosababisha. Uvutaji sigara, kwa mfano, unaharibu vyote viwili (na sigara ina hila: inapunguza damu kwenye fizi, mvutaji akajiona mzima). Wajawazito nao waliambiwa kutibu fizi kungezuia kujifungua kabla ya wakati. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2006 likaonyesha kuwa matibabu hayo ni salama na fizi zinapata nafuu, lakini watoto njiti hawakupungua.

Hamasa iliyopita kiasi ishawahi kutuponza. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alitoa hotuba kule Montreal akivilaumu vinywa vichafu kwa maradhi mengi ya mwili. Kwa miongo kadhaa iliyofuata watu waling'olewa meno kwa makumi, mengine mazima kabisa, wakitarajia kupona viungo, tumbo, hata wazimu. Hawakupona, na mapengo yakabaki.

Kwa hiyo ombi langu si kubwa. Kwenye foleni ya kupima presha na uzito, muuguzi wa kliniki ya kisukari aongeze swali moja: fizi zinatoka damu? Akijibiwa ndiyo, aandike rufaa. Daktari wa meno naye akikutana na vifuko virefu kwa mtu asiyejijua, amwambie akapime sukari. Wote wawili wanautibu mwili mmoja, ila mafaili yao hayajawahi kukutana.

Mwezi ujao nina miadi. Nyuma ya kadi yangu ya kliniki nimenakili zile tarakimu za siku ya kwanza, sita na saba zake, na kando yake za safari hii, ambazo nyingi ni tatu na nne. Nitaiweka mezani kwa daktari kabla hajaniambia nivue viatu.

Msomaji wenu