Ni "hearing", siyo "hear": tuwasaidie waomba kazi

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua.

Mimi nina steshenari, nachapa na kuprinti barua za watu kila siku, na zikitangazwa nafasi za kazi foleni inafika mpaka barazani. Kuna kitu kinaniuma muda mrefu sasa. Barua nyingi za Kiingereza ninazozipokea zinaishia hivi: "I am looking forward to hear from you." Hapo pamekosewa. Inatakiwa "I look forward to hearing from you", au "I am looking forward to hearing from you", zote sahihi ila ile ya kwanza ndo imezoeleka zaidi kwenye barua rasmi.

Juzi kaja binti kamaliza diploma ya maabara, barua yake nzuri kabisa, nikamrekebishia hapo mwishoni tu, akasoma kwenye skrini akasema hapana kaka rudisha, shule tulifundishwa baada ya "to" kitenzi kinakaa kama kilivyo. Sikumlaumu, hata mimi nilifundishwa hivyohivyo. Na ni kweli kwa "I want to hear", lakini "to" ziko mbili, na hii ya "look forward" ni kihusishi, inataka jina mbele yake. Nikamwambia jaribu kuweka jina basi: "I look forward to your reply", inakubali. Haya weka "I want to your reply". Akatikisa kichwa. Panapokubali jina, kitenzi nacho lazima kigeuke jina, ndo maana kinavaa "ing".

Nadhani tunateleza kwa sababu Kiswahili chetu hakitenganishi hayo mambo, nataka kusoma, kusoma kunachosha, ni "kusoma" ileile tu.

Kuna pengine panaponitisha zaidi. Mtu anataka kusema amezoea kufanya kazi kwenye presha, anaandika "I used to work under pressure", yaani anamwambia mwajiri zamani alikuwa anafanya hivyo na siku hizi hafanyi tena! Anayetaka kusema amezoea aandike "I am used to working under pressure".

Walimu wa Kiingereza nawaomba, mkifundisha barua rasmi msiishie kwenye anwani na "Yours faithfully", hiyo sentensi ya mwisho nayo ifanyiwe mazoezi ubaoni. Na wenye steshenari wenzangu, ile sampo ya barua iliyoko kwenye kompyuta, ambayo tunawapa watu wabadilishe jina na tarehe tu, ifungueni leo muiangalie, yangu niliikuta na kosa hilohilo na nilikuwa nimeigawa miaka. Mkiwa hapohapo hakikisheni "forward" ina r mbili, maana "foward" nazo nakutana nazo sana.

Mwenye steshenari,
Morogoro