Gari Ndilo Lililokataa Trela, Si Sisi

Wiki iliyopita mteja ametoka hapa karakanani akibamiza mlango. Alikuja na gari la petroli la lita mbili, giaboksi ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua), linang'aa kama limetoka melini jana, akitaka tumfungie ndoano ya kuvutia trela la glaida, ile ndege isiyo na injini. Tukamwambia halifai. Jioni akatuandikia: "Mnakataa kazi ili mniuzie gari lingine."

Hatuuzi magari sisi. Tunafunga ndoano na nyaya za trela, basi. Ila si wa kwanza kutulaumu hivyo.

Trela la glaida linadanganya kwa wepesi wake. Ndege ya mtu mmoja, ikiwa tupu, mara nyingi haifiki kilo 300. Iweke ndani ya trela lake lenye kifuniko, jumla inakaribia kilo 900. Hapo ndipo tunaambiwa, "Si hata Probox itavuta!" Lakini sanduku hilo lina urefu wa mita tisa hivi, maana bawa halikunjwi, linachomolewa na kulazwa lilivyo. Lori la mchanga likikupita kwa kasi, ubavu ule wote unashika upepo kama tanga, na trela linaanza kuutikisa mkia wa gari. Nguvu za injini hazikusaidii hapo. Utaokolewa na uzito wa gari, nafasi kubwa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na mkia mfupi, yaani sehemu inayotokeza nyuma ya ekseli ya nyuma. Hapa karakanani tunataka trela lililopakiwa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Probox ina kama tani moja. Piga hesabu mwenyewe.

CVT nayo haipendi milima. Ukitoka Nairobi kwenda Mweiga, karibu na Nyeri, kurusha glaida, unateremka hadi Sagana, halafu unaanza kuukwea mlima wa Karatina hadi Nyeri. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo unakanyaga zaidi, na mafuta ya giaboksi yanachemka. Soma kitabu cha gari. Kikisema lisivute, tukufungie nini?

Subaru Forester ya gia za mkono inatosha kwa glaida ya mtu mmoja. Ya watu wawili, tafuta Prado ya dizeli. Pikapu ina nguvu, sawa, ila mkia wake ni mrefu na mwepesi ikiwa tupu. Tunaifungia ndoano, lakini tunasema wazi.

Sasa bei. Kuna kijana aliyetuona ghali akaenda kuchomelewa ndoano barabarani kwa robo ya pesa yetu. Waliichomelea kwenye bati la sakafu ya buti. Aliporudi, bati lilikuwa limechanika pande zote mbili za chuma, ukipitisha kidole unagusa zulia, na mlango wa buti ulikuwa haufungi. Taa za trela waliziunga moja kwa moja kwenye nyaya za taa za nyuma, kompyuta ya gari ikaungua. Sisi tunapitisha bolti kwenye chesisi, tunaweka sahani ya chuma kwa ndani, na taa tunazipa rilei yake, swichi ya umeme inayozitenga na nyaya za gari. Pesa inaenda huko.

Halafu kuna mzee wetu mmoja, rubani wa siku nyingi, aliyechoka kunyanyua kwa mkono pua ya trela, ile ncha ya mbele inayokaa juu ya ndoano. Akahamishia betri, parachuti na sanduku la spana nyuma kabisa. Pua ikawa nyepesi kama kikapu. Kwenye mteremko wa Sagana trela likaanza kucheza, naye akakanyaga breki kwa nguvu, jambo baya kuliko yote. Unaachia mafuta tu, unashika usukani sawasawa, mpaka litulie. Mungu alimsaidia, aliishia majanini.

Alipotufikia tuliweka pua ya trela juu ya kipande cha mbao, mbao juu ya mizani ya bafuni. Kilo 11! Kwa trela kama lake tunataka kati ya 50 na 75, mradi gari lenyewe liruhusu. Tukarudisha betri mbele, tukapima tena, 58.

Mizani hiyo iko hapa mlangoni na kupima ni bure. Njoo na trela likiwa na ndege ndani, usije na gari peke yake.