Barua ya wazi kwa Bwana Tor Myhren wa Apple: radhi ilipelekwa mlango wa jirani

Bwana Myhren,

Nakuandikia wewe, mkuu wa mawasiliano ya masoko wa Apple, kuhusu tangazo lenu la iPad Pro la Mei 2024 lililoitwa Crush!, na zaidi kuhusu radhi uliyoiomba siku mbili baadaye kwa niaba ya kampuni.

Kwa ambao hawakuliona: mashine kubwa ya haidroliki inashuka polepole juu ya rundo la vitu, tarumbeta inakunjamana, piano inapasuka, gitaa linavunjika, makopo ya rangi yanatumbuka na lenzi za kamera zinasagika, huku wimbo wa mapenzi ukiendelea kana kwamba tuko harusini. Mashine inapoinuka, kimebaki kishikwambi kimoja tu, chembamba kuliko kifaa chochote mlichowahi kutengeneza. Kile cha inchi 13 kina unene wa milimita 5.1.

Mlichotaka kusema nilikielewa, kwamba vyote hivyo sasa vimo ndani ya kifaa kimoja. Lakini kutia si kuponda. Mimi hupiga udi, na kwa mpiga ala ule ubao si ganda linalotupwa sauti ikishatoka. Ubao ndio sauti, na vidole vimeuzoea kwa miaka. Ninyi mkaisogeza kamera karibu na kila ufa, kana kwamba uvunjaji wenyewe ndiyo burudani.

Tena mlichagua wakati mbaya. Mwaka uliotangulia waandishi na waigizaji wa Hollywood waligoma kwa miezi, na miongoni mwa madai yao ilikuwa kuwekewa mipaka akili mnemba. Hofu kwamba kazi za wasanii zinasagwa ziwe malighafi ya kampuni za teknolojia ilikuwapo tayari. Ninyi mkaitengenezea picha, nzuri kuliko ambayo mpinzani wenu yeyote angeimudu. Si ajabu mwigizaji Hugh Grant akalaani, na Japani nako malalamiko yakawa makali.

Uliliambia jarida la Ad Age kwamba mlikosa shabaha na kwamba mnaomba radhi, na tangazo halikupelekwa kwenye televisheni. Hilo nalishukuru, kwani kampuni kubwa huwa nzito kuomba radhi. Ila Ad Age husomwa na watu wa matangazo, nao si waliovunjiwa chungu. Na hiyo shabaha inanitatiza: aliyeikosa ni yule ambaye mkono ulimtikisika, ilhali mashine yenu ilishuka palepale mlipoielekeza.

Ninachoomba ni kidogo: radhi hiyo iandikwe upya kwenye kurasa zenu wenyewe, iwataje wanamuziki, wachoraji na wapiga picha, ambao ndio mnaowauzia kifaa hicho, na iseme kosa lilikuwa nini. Na tangazo lijalo la namna hii, kabla halijatoka, mwonyesheni mtu anayekula kwa ala yake.

Wako,
Mpiga udi