Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kasha Letu la Kutunzia CD na DVD

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulitupa agizo moja lililo wazi: tuache kununua makava ya dukani, tubuni kasha letu wenyewe la kutunzia CD na DVD tulizokabidhiwa na familia, kasha litakalohimili hewa hii ya Tanga. Sehemu kubwa ya taarifa yangu inahusu kasha hilo, kwa sababu ndilo lililokula muda wetu na fedha zetu. Mambo ya ada na wanachama wapya yamo kwenye makabrasha ya katibu na mhazini. Yako sawa, sitayarudia.

Kwa wale ambao hawakuwepo, nieleze agizo lile lilitoka wapi. Dada mmoja alituletea DVD ya harusi yake. Ndani yake mna sauti ya marehemu baba yake akisoma hutuba ya nikahi, na nakala nyingine hakuna. DVD ilikuwa ndani ya kava tulilompa sisi, jipya, gumu, tulilokuwa tukilisifia. Nilikuwa mbele yake alipoichomoa. Meno ya katikati yaliing'ang'ania. Akavuta kwa ukingo, diski ikapinda mgongo, kisha ikatoka kwa mlio mdogo mkavu. Tulipoiinua kwenye mwanga wa dirisha tuliona ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu na kuelekea nje. Deki iliisoma mara moja tu. Bahati nzuri kijana wetu wa kompyuta alikuwa ameshaanza kunakili, hivyo sauti ya mzee ilipatikana, lakini picha za mwishoni zimepotea. Dada hakutulaumu. Mimi nasema mbele yenu kwamba kosa lilikuwa la uongozi: tulichagua kava kwa ugumu wake wa nje, hatukuangalia linaishikaje diski.

Tangu hapo kamati ilianza upya, na ilianzia kwenye diski yenyewe. CD na DVD zina kipenyo kimoja, milimita 120, unene wa milimita 1.2, na tundu la milimita 15. Lakini ndani zimeumbwa tofauti. CD ni bamba moja la polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, na sauti imebebwa upande wa juu, chini kidogo tu ya jina lililochapwa, ikafunikwa na rangi nyembamba. Wengi wetu miaka yote tumekuwa tukiilaza CD chali mezani, upande unaong'aa ukitazama juu, tukiamini tunaulinda. Kumbe upande tunaousugua mezani ndio uliobeba mzigo. Mkwaruzo wa upande unaong'aa mara nyingi husafishika au hata kupuuzwa na deki, ila ukichubua upande wa jina umeondoa kilichorekodiwa, na hakirudi. DVD ni mabamba mawili ya milimita 0.6 yaliyogundishwa, data ikiwa katikati. Ndiyo maana DVD haitaki kupindwa, na ndiyo maana ile ya dada ilipasuka.

Kutokana na hayo kamati ilijiwekea sharti la kwanza: kasha liruhusiwe kuigusa diski penye tundu na penye ukingo tu. Kwenye CD, eneo lililorekodiwa huanza takriban milimita 23 kutoka kitovuni na huishia karibu milimita 58. Ukingo uliobaki ni milimita mbili, pengine hata hazifiki. Hapo pembeni hakuna nafasi ya uzembe.

Lile kava la plastiki angavu kama kioo tunalolijua sote, lililoingia sokoni pamoja na CD mwaka 1982, kwa hilo lilikuwa sahihi kabisa. Huishika diski kwenye tundu na kuiacha ikining'inia bila kugusa popote. Udhaifu wake ni polistirini, plastiki kavu inayovunjika: likianguka mara moja, masikio mawili ya bawaba yanakatika, na meno ya katikati yakikatika diski inabaki ikicheza ndani na kujisugua. Vile vifuko laini vya plastiki ya PVC ni vibaya zaidi. PVC hulainishwa kwa kemikali ambazo kwa joto la kwetu hutoka jasho, na diski hunata kama karatasi ya peremende. Tumevitoa vyote ofisini. Ukitaka kujua chombo chako ni cha nini, tazama alama ya pembetatu chini yake: namba 3 ni PVC, 6 ni polistirini, 5 ni polipropilini. Tafuteni namba 5.

Sasa niwaeleze jaribio letu la kwanza, ambalo halikufaulu, na mna haki ya kujua kwa nini. Tulimpa kazi fundi seremala mwanachama wetu, akatengeneza makasha ya mbao ya kuvutia sana, na ili yafunge vizuri tukazungushia kwenye mfuniko mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Yalifunga barabara. Tukayajaza mchana mmoja wa masika, tukaridhika.

Baada ya miezi mitatu tulipofungua, harufu ilitutangulia. Karatasi za majina zilikuwa na madoa ya ukungu. Mbao zilikuwa zimevimba hata diski za mwishoni zikabanwa. Tulikuwa tumefungia hewa yenye unyevu ndani, na usiku ulipopoa, unyevu ule ukageuka umande juu ya diski zenyewe. Lililoniuma zaidi ni mpira. Mpira wa tyubu hupikwa kwa salfa, na salfa huila fedha, kama mkufu wa fedha unavyokuwa mweusi ukiwekwa vibaya. Utando unaong'aa ndani ya CD nyingi za kuchoma ni fedha. Diski nne zilizokuwa karibu na mfuniko zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya chai pembezoni. Zilisomeka zote, tukazinakili siku ile ile, lakini zilikuwa njiani. Mbao nazo hutoa hewa ya asidi polepole, jambo ambalo watunza makumbusho wanalijua siku nyingi. Fundi wetu alifanya kazi safi kwa vipimo tulivyompa. Vipimo ndivyo vilivyokuwa na kasoro.

Kasha la pili ndilo hili lililo mezani. Limetengenezwa kwa mabamba ya polipropilini, yale yale yanayotumika kwenye mafaili ya plastiki. Hailainishwi kwa kemikali kama PVC, haivunjiki kwa kuanguka, na ukiipiga mstari kwa ncha ya chuma cha moto inakuwa bawaba ya yenyewe, inayokunjika na kukunjuka maelfu ya mara bila kukatika. Shida yake ni kwamba gundi haiishiki. Kasha la kwanza tulilogundisha liliachia kesho yake asubuhi, vipande vikalala mezani kama tulivyovikata. Tangu hapo tunakunja na kuchomelea kwa hewa ya moto, na kona tunazifunga kwa ndimi zinazoingiliana.

Ndani, diski 20 zinasimama wima kama vitabu, kila moja kwenye sinia lake. Zikilazwa muda mrefu, hasa kwenye joto, hupinda. Kitovu cha kila sinia ni cha kubonyeza: unakibonyeza kwa kidole gumba, meno yanalegea, diski inajiachia. Kabla ya kulikubali sinia lolote tunaweka diski tupu na kuitoa, tukiitazama kutoka ubavuni. Ikipinda hata kidogo wakati wa kutoka, sinia linakataliwa. Kamati imekataa mengi, na fundi ameniambia waziwazi kwamba tunamchosha. Namshukuru kwa kuvumilia.

Kuhusu unyevu, kiwango cha kimataifa cha ISO 18925 kinataka diski zitunzwe kwenye joto lisilozidi nyuzi 23 na unyevu wa hewa kati ya asilimia 20 na 50. Hapa kwetu unyevu huvuka asilimia 70 mara kwa mara, na nyuzi 23 tunazipata alfajiri za Julai. Hatuwezi kujidai kwamba kasha litageuza hali ya hewa. Linachofanya ni kupunguza kasi. Mfuniko unabana bila mpira, na chini kuna droo ndogo ya silika, zile chembe zinazokuja kwenye vipakiti ndani ya viatu vipya. Tumechagua zinazobadilika rangi zikishiba unyevu, ili mtu yeyote ofisini ajue siku ya kuzikausha. Na kasha hujazwa siku kavu, asubuhi jua likishapanda. Hatujazi tena mvua ikinyesha.

Tulilidondosha kutoka urefu wa meza juu ya sakafu ya saruji mara 20, likiwa limejaa diski tupu. Kona moja ilichubuka. Tukalifunga nyuma ya bodaboda hadi Pangani na kurudi. Hakuna diski iliyotoka kwenye kitovu chake.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tusihamishie kila kitu kwenye kompyuta tukaachana na diski. Kunakili tunanakili, na hakutasimama. Kasha si nakala. Lakini diski ya kwanza ndiyo asili, na diski kuu ya kompyuta nayo hufa, tena kwa siku moja. Sauti ya Siti binti Saad iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928 tunaisikia leo kwa sababu kuna watu walizitunza santuri zile, vitu vinavyovunjika kama sahani ya udongo. Hawakujua mashine gani itakuja kuzisoma baadaye. Nasi tuna kanda za Black Star na Lucky Star, vikundi vyetu vya taarabu vya hapa Tanga, zilizohamishiwa kwenye CD na wazee wetu, na baadhi ya kanda zenyewe hazipo tena.

Naomba mkutano uidhinishe fedha za makasha mengine, kwa hesabu atakayoisoma mhazini, na uidhinishe kununua kalamu za wino wa maji za kuandikia diski. Karatasi za kunata tusizibandike tena, zinaitoa diski kwenye mizani na zikibanduliwa zinaondoka na utando.

Zoezi la kuhamishia diski kwenye makasha mapya lianze kabla ya masika. Wenye diski zilizochomwa kabla ya mwaka 2010 waje wao kwanza, bila kusubiri zamu. Na mwenye diski iliyong'ang'aniwa na meno ya kava asiivute. Aje nayo na kava lake, tutalikata kava.