Faraday alisoma, Ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalinunua tangu nilipopangiwa kituo changu cha kwanza cha kazi, na sijawahi kukuandikia. Hata siku mlipochapisha maji yana oksijeni mbili na haidrojeni moja nilinyamaza, nikasema ni kosa la mtambo. Lakini ile makala yenu ya Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza wa umeme na kemia, yenye kichwa cha habari kwamba hakusoma na akatajirika, imenishinda.

Nianze na huo utajiri. Faraday alifariki Agosti 1867, ana miaka 75, katika nyumba ya Hampton Court aliyopewa na Malkia Victoria akae. Tajiri gani huyo anazeekea nyumba ya kupewa? Kulikuwa na wakati watu wa viwanda walimlipa vizuri awapimie kemikali zao, akaiacha kazi hiyo ili abaki na utafiti. Halafu kanisa lake, lile dogo la Wasandemani, lilishika kwa maana halisi neno la kutojiwekea hazina duniani. Mwandishi wenu jambo lote hili amelimaliza kwa kusema "alikuwa mcha Mungu", akakimbilia kwenye siri tano za mafanikio.

Na huko kutosoma! Mtoto wa mhunzi, akiwa na miaka 14 akawekwa kwa mjalidi wa vitabu ajifunze kazi, na kwa miaka saba akawa anavisoma vile vile anavyovishona. Mwaka 1812 alisikiliza mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akaandika aliyoyasikia, akayajalidi mwenyewe, akampelekea Davy. Machi 1813 akapata kazi ya msaidizi wa maabara pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London. Mwaka 1825 akaitambua kemikali ya benzini, 1833 akawa profesa wa kemia. Anodi, kathodi, ioni, elektroliti, maneno anayokariri kila mtoto wa sekondari hapa nchini, yalitoka mezani kwake mwaka 1834, tena kwa kumwandikia barua msomi wa Cambridge, William Whewell, amsaidie kutafuta majina yanayofaa. Shule hakukaa sana, hilo kweli. Ila kusoma alisoma kuliko mimi, kuliko wewe, na kuliko mwandishi wako kwa mbali.

Sasa nikueleze kwa nini nina hasira hivi. Wiki mbili baada ya makala kutoka nilialikwa kwenye mahafali ya kidato cha nne, katika shule ambayo sitaitaja. Akasimama kijana mmoja mhamasishaji, suti inang'aa, kipaza sauti masikioni, mkononi ana kipande cha gazeti lako, Ndugu Mhariri, nimekiona kwa macho yangu, akapaza sauti: "Faraday hakusoma!" Watoto wakapiga vigelegele. "Faraday alikuwa na ndoto!" Vigelegele tena. Wazazi waliouza mpunga ili wamalize ada wanapiga makofi na wao. Mimi nimefundisha kemia miaka 31, nyingi kati ya hizo bila gesi wala umeme wa uhakika, nikifundisha uunguaji kwa mshumaa kama alivyofanya Faraday mwenyewe katika mihadhara yake ya Krismasi kwa watoto, na mkaguzi akaniandika kwamba "mwalimu anachezea mishumaa darasani". Nikavumilia. Lakini jioni ile nyumbani mjukuu wangu, aliyekuwa na zoezi la elektrolisisi, yaani kuchanganua kemikali kwa umeme, halijaguswa, akaniambia bila haya: "Babu, mwenye hiyo elektrolisisi mwenyewe hakusoma." Nilikosa jibu. Nilikwenda kulala bila kula.

Tena mshereheshaji wa siku hiyo alimtambulisha mgeni rasmi kwa udaktari mara tatu, na wote wa heshima. Siku hizi ukikosea kumwita mtu Dokta anakununia mpaka msibani, hata kanisani kwetu tumeanza. Najua Faraday naye alipewa shahada ya heshima ya Oxford mwaka 1832, sitaki kusutwa na msomaji. Lakini urais wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, aliukataa mara mbili, na cheo cha Sir akakikataa. Alimwambia rafiki yake Tyndall kwamba atabaki Michael Faraday tu hadi mwisho. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, anahubiri, anatembelea wagonjwa. Mwaka 1844 wakamtenga kwa muda, bingwa mzima wa Ulaya, akavumilia, akarudi akaketi na wenzake. Mimi ni mzee wa usharika, nawajua watu ambao wangehamia dhehebu jingine Jumapili ile ile.

Utumishi wake ndio hamkuugusa kabisa. Karibu miaka 30 alishauri juu ya minara ya taa ili mabaharia wasife. Februari 1860, ana miaka 68, alikwenda kukagua taa ya umeme ya South Foreland karibu na Dover, akakuta theluji imeziba barabara, akapita mashambani akiruka nyua na kuta. Na Julai 1855 alifanya kama ninavyofanya mimi leo, aliandika kwa mhariri wa gazeti. Alikuwa ndani ya boti kwenye mto Thames, London, akachana kadi nyeupe, akazilowesha, akazidondosha majini. Jua linawaka, na kadi hazijazama hata inchi moja hazionekani tena. Wakubwa walikaa hadi kiangazi cha 1858, uvundo ulipoingia bungeni, ndipo wakapata akili ya kujenga mifereji ya majitaka.

Basi nasahihisha hivi. Mwandishi wenu apande basi aje hapa. Nitampeleka kwenye daraja lililo nyuma ya soko, ambapo mto wetu umekuwa jalala na hakuna anayeandika barua, adondoshe kadi nyeupe, ahesabu zinavyopotea. Kisha aje nyumbani akae na mjukuu wangu, wamalize pamoja lile zoezi la elektrolisisi, swali la 4 sehemu (b) hasa. Ndipo aandike upya maneno 300, na neno "mafanikio" lisiwemo hata mara moja.

Mishumaa ninayo. Kadi anunue mwenyewe.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Morogoro