Kipimo cha protini kwenye mkojo kisiishie kwa wajawazito

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niongeze neno juu ya makala ya afya mliyoitoa mwezi uliopita, iliyosema kwamba mtu akiona mkojo wake unatoa povu ajue figo zake zimeanza kufa. Makala ile ilifanya kazi yake, kwa kuwa Jumapili iliyofuata watu watatu walinijia nyumbani hapa Uyole kuniuliza habari ya povu, lakini wote watatu walikuwa wameogopa kuliko walivyokuwa wameelewa. Nilifanya kazi ya maabara kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na nadhani nimeutazama mkojo kuliko nilivyotazama televisheni, hivyo naamini ninalo la kusema.

Povu peke yake halimhukumu mtu. Mkojo unaotoka kwa kasi, au uliokolea baada ya mtu kushinda shambani akipalilia viazi bila kunywa maji, hutoa povu hata kwa aliye mzima kabisa. Linalotuhusu ni protini, na hasa albumini, ambayo ndiyo protini iliyo nyingi kuliko nyingine zote katika maji ya damu. Kila figo ina vichujio vidogo mno vinavyokaribia milioni moja, na figo zote mbili kwa pamoja huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku, ingawa tunachokojoa ni lita moja au mbili tu kwa sababu sehemu kubwa hurudishwa mwilini. Katika kazi yote hiyo albumini inatakiwa ibaki upande wa damu. Sukari au presha ikishaviumiza vichujio, huanza kuivujisha kama chekeche lililotoboka, na mara nyingi huivujisha miaka kadhaa kabla kipimo cha kreatinini katika damu, yaani taka itokayo kwenye misuli ambayo figo huitoa mwilini, hakijaonyesha kasoro yoyote, maana figo zina akiba kubwa ya nguvu na zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake huku mwenyewe akiendelea kubeba magunia.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa Hospitali ya Guy's, London, alichapisha maelezo ya wagonjwa waliovimba mwili, ambao mkojo wao ukipashwa moto kwenye kijiko juu ya mshumaa uliganda, na ambao walipopasuliwa baada ya kufa figo zao zilikutwa zimeharibika. Sisi tulioanza kazi miaka ya themanini tulikuwa bado ndugu zake. Tulijaza mkojo theluthi mbili ya bomba la kioo, tukalishika chini na kuchemsha sehemu ya juu tu kwenye taa ya spiriti, na ukungu mweupe ukitokea tulidondosha matone mawili matatu ya asidi ya asetiki. Ukungu ukiyeyuka zilikuwa chumvi za fosfeti, ukibaki ilikuwa protini. Asubuhi za mwezi wa sita, kwa baridi ya huku kwetu, bomba lililotoka kuoshwa kwenye maji ya baridi lilipasuka likiguswa na moto tu, na mgonjwa aliombwa akakojoe tena.

Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kijiti cha plastiki, ambacho huchovywa, kikasubiriwa kama dakika moja, kisha rangi yake ikalinganishwa na zile zilizochapwa kwenye kopo: ikibaki ya njano hakuna protini, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo protini inavyozidi. Alama moja ya kujumlisha ni kama miligramu 30 katika desilita moja ya mkojo, mbili ni 100, tatu ni 300. Kopo hilo linatakiwa lifungwe mara tu kijiti kinapotolewa, kwa sababu unyevu huviharibu vijiti. Lakini si mara moja wala mbili nimeingia chumba cha vipimo nikakuta kopo limekaa wazi dirishani msimu mzima wa mvua, na majibu yanaandikwa hivyo hivyo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mjamzito akienda kliniki hupimwa protini kwenye mkojo, na ni sawa kabisa, kwa kuwa protini ikiambatana na presha ni dalili ya hatari inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Lakini mgonjwa wa kisukari au wa presha, ambaye figo zake zimo hatarini kila siku iendayo kwa Mungu, anaweza kuhudhuria kliniki mwaka baada ya mwaka bila kuombwa mkojo hata mara moja. Shemeji yangu ni mmoja wao. Alihudhuria kliniki ya kisukari kwa miaka tisa, na kadi yake ninayo mezani ninapoandika barua hii: kurasa zimejaa tarehe, uzito, sukari na presha, tena kwa mwandiko mzuri, na hakuna mahali palipoandikwa neno mkojo. Alipoanza kuvimba miguu aliambiwa apunguze kukaa kwenye usukani. Leo anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na gari aliloliendesha limeuzwa. Kituo alichokuwa akitibiwa sikitaji, kwa sababu ningeweza kukuta kadi za namna hiyo mahali pengi.

Ingekuwa kujua hakuleti dawa, nisingesumbua kalamu. Lakini hapa ndipo utafiti wa kitabibu umetutendea haki. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 409 wa kisukari cha aina ya kwanza ambao tayari walikuwa wakivujisha protini. Kundi moja lilipewa kaptoprili, dawa ya presha, na jingine kidonge kisicho na dawa ndani, huku presha za wote zikidhibitiwa. Waliotumia kaptoprili walipunguza kwa nusu uwezekano wa kufa, kusafishwa damu au kuhitaji kupandikizwa figo. Mwaka 2001 jaribio la RENAAL, lililokuwa na wagonjwa 1,513 wa kisukari cha aina ya pili, lilionyesha kwamba losartani hupunguza kwa asilimia 28 hatari ya figo kushindwa kabisa. Dawa hizo mbili si ngeni kwetu. Wazee wengi wa presha wa Mwanjelwa, Mafinga na Makambako wanazimeza kila asubuhi, ila hawajaambiwa kwamba zina kazi ya pili, wala daktari hajajua nani kati yao anazihitaji zaidi, kwa kuwa mkojo wao haujapimwa.

Nisieleweke vibaya: kupunguza protini si ushindi kwa kila njia. Katika jaribio la ONTARGET, lililochapishwa 2008 na kuhusisha watu zaidi ya 25,000, wale waliopewa ramiprili na telmisartani, ndugu wa kaptoprili na losartani, kwa pamoja walipungukiwa protini kwenye mkojo kuliko waliopewa dawa moja, lakini figo zao ziliathirika zaidi. Kwa hiyo asitokee mtu akasoma barua hii na kwenda duka la dawa kununua aina mbili ili apone haraka. Hata moja yenyewe inataka daktari, kwani dawa hizi zinaweza kupandisha potasiamu katika damu, na mjamzito hatakiwi kuzitumia kabisa. Nikiwa hapo hapo kwenye duka la dawa, diklofenaki tunayomeza kama karanga kila mgongo unapouma baada ya kulima ni adui wa figo zilizokwisha kuumia.

Dawa nyingine iliyokuja baadaye ni dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya sukari. Jaribio la DAPA-CKD la mwaka 2020 liliipima kwa watu 4,304 wenye ugonjwa wa figo na albumini kwenye mkojo, wakiwemo wasio na kisukari, na ilipunguza kwa asilimia 39 hatari ya figo kudhoofika sana au kufa kwa maradhi ya figo au ya moyo. Habari njema, isipokuwa kwamba jaribio lilifanyika katika nchi 21 na hakuna hata moja ya Afrika. Wakati huohuo tunajua tangu 2010 kwamba aina mbili za jeni iitwayo APOL1, zilizo nyingi zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, huipa damu uwezo wa kuua vimelea vya malale vinavyoenezwa na mbung'o, na kwamba aliyezirithi kwa baba na kwa mama yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua figo. Jaribio dogo lililochapishwa 2023 lilionyesha dawa inayolenga jeni hiyo ikipunguza protini kwenye mkojo kwa karibu nusu katika wiki 13. Ni wangapi katika nyanda zetu wanaobeba aina hizo za jeni? Swali hilo linastahili kujibiwa kwa mkojo na damu yetu wenyewe.

Kwa nchi yetu mwanzo upo. Utafiti uliofanyika kaskazini, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa 2015, uliwapima watu wazima 481 nyumbani kwao na kukuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7, huku wakazi wa mjini wakifika asilimia 15 na wa vijijini 2. Namba za Moshi haziwezi kuhamishiwa Mbeya na Njombe hivi hivi. Mikoa yetu imo miongoni mwa ile yenye maambukizi makubwa ya virusi vya Ukimwi nchini, na virusi hivyo vinaweza kuviumiza vichujio vya figo na kuleta protini nyingi kwenye mkojo. Mbeya tunacho kituo cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilichojijengea jina kwa tafiti za Ukimwi na kifua kikuu. Wataalamu wapo, na watu wa kuandikishwa wanakaa kwenye mabenchi ya kliniki kila wiki. Naomba figo nazo ziingie kwenye ratiba.

Huku tukisubiri, waganga wakuu wa wilaya wanaweza kuagiza jambo moja ambalo halihitaji mfadhili: kila mgonjwa wa kisukari na wa presha apimwe mkojo kwa kijiti walau mara moja kwa mwaka na jibu liandikwe kwenye kadi. Kijiti hakioni albumini kidogo, hivyo penye uwezo upimwe uwiano wa albumini na kreatinini, ambao chini ya miligramu 30 kwa gramu ni salama, na juu ya 300 ni tatizo kubwa. Mkojo unaofaa ni wa kwanza wa asubuhi. Asipimwe mtu mwenye homa, aliye kwenye hedhi, mwenye maambukizi ya njia ya mkojo au aliyetoka kukimbia mchakamchaka, kwa kuwa hayo yote yanaweza kuleta protini ya kupita. Na jibu moja baya lirudiwe, maana ugonjwa sugu huthibitishwa kwa hali iliyodumu miezi mitatu au zaidi.

Wale wageni wangu watatu wa Jumapili niliwaelekeza kituo cha afya, kila mmoja na chupa yake ya mkojo wa alfajiri. Wawili hawakuwa na kitu. Wa tatu, mama muuza mbogamboga mwenye presha ya miaka sita, alikuwa na alama mbili, na aliporudia baada ya wiki mbili zilikuwa bado mbili. Ameandikiwa losartani na atapimwa tena damu na mkojo mwezi ujao. Kwenye kadi yake, chini ya mstari wa presha, muuguzi amepiga mstari mpya kwa rula na kuandika: Mkojo, protini ++.

Wako,
Mteknolojia maabara mstaafu,
Uyole, Mbeya.