Tusiutupie upepo lawama zote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja ninayoisikia kila magonjwa ya miti yanapozungumzwa huku Kibosho: kwamba ugonjwa wa fangasi unaoletwa na upepo hauna kizuizi, kwa hiyo kukagua miche ni kusumbua watu bure. Mimi ninauza miche, na ukaguzi ukija nitakuwa wa kwanza kusumbuliwa. Hata hivyo hoja hiyo siikubali.

Upepo kazi yake unaifanya, hilo halina ubishi. Angalia miti ya Ulaya ya jamii ya Fraxinus, ambayo Waingereza huiita ash. Fangasi anayeiua asili yake ni Asia ya Mashariki. Kila kiangazi, kwenye vikonyo vya majani yaliyoanguka mwaka uliotangulia, huota vikombe vyeupe vyenye upana wa milimita chache tu. Humo ndimo zinamotoka spora, yaani chembe ndogo mno ambazo fangasi huzaana kwazo, zikarushwa hewani na kupeperushwa kilomita nyingi. Spora ikitua kwenye jani bichi huota, hupenya, hufuata kikonyo mpaka kwenye tawi, na mti huanza kukauka kutokea juu.

Poland waliuona ugonjwa huo mwaka 1992. Uingereza ulithibitishwa 2012, na mahali ulipokutwa kwanza ni kitaluni, kwenye miche iliyoagizwa kutoka Uholanzi. Marufuku ya kuingiza miche hiyo ilikuja Oktoba mwaka huo huo, ugonjwa umeshaonekana kwenye misitu ya mashariki. Kwamba upepo nao ulivusha spora baharini, wataalamu wanakubali. Lakini miche yenye ugonjwa ilishapandwa hadi Scotland, na huko ilifika kwa lori.

Sisi wenyewe tumeshaonja. Mwaka 1957 ugonjwa wa kukausha sindano (majani ya misindano), Dothistroma, ulionekana Tanganyika kwenye misindano aina ya radiata, na baadaye Kenya. Ukungu unaofunika milima uliusaidia sana kuenea. Kupanda radiata kukaachwa, ndiyo maana mashamba ya serikali leo yamejaa patula, aina nyingine ya msindano.

Sasa kuna kutu ya manjano, ugonjwa mwingine wa fangasi, kutoka Amerika ya Kusini. Wakulima wa kahawa wasiichanganye na kutu yao ya majani, hii ni nyingine. Hushambulia machipukizi ya jamii ya mpera, na ukiligusa jani vidole vinabaki na unga wa manjano. Iliingia Australia 2010 na Afrika Kusini 2013. Mzambarau na mkaratusi ni wa jamii hiyo, na mkarafuu wa Zanzibar pia.

Mhariri, pita siku ya soko uone miche inavyoshushwa kwenye Fuso. Viriba vimebanana chini ya turubai, majani yametota kwa jasho la safari, na spora nyingi zinahitaji jani bichi lenye maji ndipo ziote. Mnunuzi anauliza bei na umri wa mche. Ilikooteshwa haulizi mtu. Na ile inayovuka mpaka kwa bodaboda, gunia nyuma, kupitia njia za panya, itamfikia vipi mkaguzi wa Holili au Tarakea, mpakani na Kenya?

Sheria ipo. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 iliunda TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na makao yake makuu yako hapa hapa Ngaramtoni, Arusha, ingawa wengi wetu tunaijua kwa habari za viuatilifu tu. Miche ya kutoka nje inatakiwa iwe na kibali na cheti cha usafi wa mimea. Ninachoomba ni wakaguzi watembelee vitalu vya barabarani kabla ya masika, miche ikiwa bado haijatawanyika vijijini, na picha za dalili za magonjwa haya zibandikwe kwenye ofisi za kata. Ada ya ukaguzi nitalipa, mradi nipewe risiti.

Mwenye kitalu,
Kibosho, Moshi